Vizibo Kumi na Vitatu Having'oki

Jumatatu, 4 Novemba

Leo nimefanya upumbavu wa mwaka. Naandika ili kesho nisijidanganye.

Mama Tapera alifika saa tatu asubuhi na mumewe. Kibuyu kikubwa kimefungwa kwenye shuka, ndani yake mbira, ala ya vyuma vya kupigwa kwa vidole, ya marehemu baba yake. Mzee aliitengeneza kwa mikono yake, vyuma ishirini na vinne, kila kimoja alikigonga kwa nyundo mpaka kikasema anavyotaka. Alifariki mwaka jana. Mama Tapera hushona sare za shule hapa hapa mtaani Zengeza, na mwezi mwingine wowote humpati – kila Jumamosi anaitwa kupiga kwenye matambiko. Novemba ni mwezi wa mbuzi. Hakuna tambiko, hakuna harusi, hakuna kugawa urithi. Wahenga wamelala. Basi amepata nafasi.

Tukasalimiana kwa makofi, tukaulizana ukoo. Mimi Soko. Baba Tapera naye Soko! Mama Tapera akapiga kigelegele mpaka majirani wakachungulia. Kumbe studio ina wifi yangu! Nikamwambia studio ni ya Tichaona, mimi fundi mitambo tu. Akasema wifi ni wifi, hata akiwa mfagiaji.

Sasa upumbavu. Alipoanza kupiga nikasikia zzzz. Vizibo vya soda, kumi na vitatu, vimefungwa kwa waya kuzunguka mdomo wa kibuyu, vinatetemeka kila akigusa chuma. Nimezaliwa nikivisikia! Lakini chuoni walinifundisha: kitu kinachotetemeka chumbani ndicho adui wa kwanza. Dirisha lililolegea, kijiko kwenye kikombe – kitafute, kinyamazishe. Nikachukua koleo. Nikaving'oa vyote, kimoja kimoja, mbele yake. 

Tukarekodi. Safi kama maji ya chupa. Nilifurahi kama mjinga! Nikamvisha hedifoni asikilize. Akasikiliza wimbo mzima, akazivua, akaniuliza kwa upole:

"Nzuri. Huyu anayepiga ni nani?"

Baba Tapera alicheka mpaka manyanga anayompigia mkewe yakamdondoka mkononi. Nikamwuliza mama, kwa nini hukunizuia?

"Wifi akishika koleo, mke wa watu aseme nini? Nikukataze, kesho mniambie nimewadharau ukweni?"

 Vizibo viko kwenye kikombe cha chai hapa mbele yangu. Vinanitazama.

Jumanne, 5 Novemba

Siku nzima kurudisha vizibo. Nilidhani ni kufunga waya tu. Wapi! Mama Tapera anavijua kwa sura. Hiki chenye kutu kinakaa chini, upande wa kidole gumba cha kushoto. Hiki kilichobonyea kinakaa juu. Viwili ni vya soda ambayo haipo tena madukani, baba yake aliviweka kabla yeye hajazaliwa. Nikikosea mahali anatikisa kichwa. Nikikaza waya anasema kimebanwa koo. Nikilegeza, kimelewa.

Saa tisa akapiga, akafumba macho. Akasema, haya, sasa karudi nyumbani.

Nikamwomba radhi kwa kupiga magoti. Akaniinua – wifi hapigi magoti kwangu, unataka watu wanicheke?

Nimeandika ukutani kwa chaki, niione kila siku: KABLA HUJANYAMAZISHA KITU, ULIZA KAMA KINAIMBA.

Jumatano, 6 Novemba

Kazi ya maikrofoni. Ya kwanza nilipoiweka ndani ya mdomo wa kibuyu – besi tupu, kama mtu anakoroma ndani ya pipa. Nikaivuta nje shibiri mbili, pembeni kidogo, isitazame tundu moja kwa moja. Hapo! Ya pili juu ya vidole, ndogo, ya kushika ule mguso wa kucha kwenye chuma. Manyanga ya Baba Tapera yanameza kila kitu, kwa hiyo yeye nimemketisha mlangoni kabisa, manyanga ameyaelekeza ukutani. Amenung'unika kwamba amewekwa kona kama mtoto mtundu. Lakini ukiwatenganisha vyumba wanapotezana. Manyanga lazima yaone mabega ya mwenye mbira.

Mablanketi ukutani. Friji ya Tichaona nimeichomoa. (Soda zake zimepata joto. Na ziwe na joto!) Sauti isiguse taa nyekundu ya kipimo hata mara moja – bora irekodiwe chini kuliko ipasuke. Kilichopasuka hakishoneki.

Kabla ya kuanza Mama Tapera akadondosha ugoro kidogo sakafuni kwa ajili ya baba yake. Akanong'ona, mzee, mwezi huu umelala, sikuiti, nakujulisha tu. Kwenye zulia jipya la Tichaona.

Sikufuta.

Alhamisi, 7 Novemba

Leo ndiyo nimejua tunafanya nini hapa.

Umeme ulikatika saa nne. Tukakaa ngazini, tukachemsha chai kwa mkaa, mkate na siagi ya karanga. Nikamwuliza, mbona haraka yote hii? Mbona hata siku ya mvua ya juzi ulisisitiza tuje?

Akaniambia. Desemba ikiingia, ukoo unakutana kijijini Mhondoro kuirudisha roho ya mzee nyumbani, na baada ya hapo vitu vyake vinagawanywa. Mbira inakwenda kwa mwana wa kiume mkubwa. Elia. Elia ameokoka, anahubiri kila Jumapili kwenye hema, na ametangaza mbele ya waumini: mbira ya baba yake ataichoma hadharani.

"Ataichoma kwa kuwa ni yake?" nilisema. "Mkataze!"

"Nimkataze kwa lipi? Mimi nimeolewa, wifi. Kwa baba yangu mimi mgeni siku hizi."

"Si utengeneze nyingine?"

Akanitazama kwa huruma. Mzee hakupima sauti kwa kinanda wala kwa mashine. Alipima kwa sikio lake, na sikio lile limezikwa. Mafundi wengine wana zao. Hii iko hii tu, duniani kote, mpaka tarehe thelathini.

Umeme ukarudi. Baba Tapera akasimama, akakung'uta makombo, akasema tu: twende tukapige, mwezi wenyewe una siku chache.

Nilirekodi nyimbo tatu bila kukohoa.

Ijumaa, 8 Novemba

Tichaona karudi kutoka Bulawayo. Kasikiliza. Kakunja uso.

Niwe mkweli juu ya huyu mtu. Studio nne zilinicheka nilipotafuta kazi – mwanamke atajua nyaya? Tichaona alinipa ufunguo siku ile ile. Kunifundisha alinifundisha. Ndiyo maana inauma.

Anayo hoja yake. Kuna hoteli kubwa mjini inataka muziki wa mbira wa kupigwa ukumbini, wageni wakinywa chai. Mkuu wa manunuzi anaitwa Bwana Nyakudya, anakuja kusikiliza Ijumaa ya tarehe ishirini na mbili. Wakipenda, studio inapata mkataba wa miaka miwili. Lakini! Huo mvumo utoke. Na mbira haipatani na kinanda – inyooshwe. Na mwendo unayumba – warudie wakiwa na mdundo wa mashine masikioni.

"Shuvai, mgeni akisikia zzzz atadhani spika imekufa. Ataita fundi!"

"Aite. Nitakuja mimi nimwambie haijafa."

Hakucheka.

Jumatatu, 11 Novemba

Mdundo wa mashine. Bosi kasimama nyuma yangu kuhakikisha. Nimemvisha Mama Tapera hedifoni: tik, tik, tik. Akapiga kidogo, akasimama.

"Kuna mtu anagonga mlango?"

Ni mashine, mama, ya kukuweka kwenye mwendo, alisema Tichaona.

"Mwendo gani? Mimi nimepotea?"

Akajaribu tena. Akasimama tena. Akamwambia Tichaona, mwanangu, huyo anayegonga, ama aache ama aje apige yeye. Kwenye tambiko hupiga mpaka kunakucha, na mwendo unapanda na kushuka na watu – wakichoka unawabeba, wakipata nguvu unawafuata. Huyo tik tik anamfuata nani?

Baba Tapera kutoka kona yake ya adhabu: "Anamfuata bosi."

Nilijificha nyuma ya spika nicheke. Tichaona katoka, kabamiza mlango.

Tukarekodi bila tik. Wimbo wa nne kauyumbisha makusudi, naapa! Kauyumbisha kama mlevi anayejua njia ya kwao. Mzuri kuliko yote.

Jumatano, 13 Novemba

Hapa ndipo nilipo. Nyimbo saba ziko kwenye kompyuta. Bosi kaandika orodha, kaibandika juu ya kioo: toa mvumo, nyoosha sauti, ongeza ngoma za mashine, ongeza mwangwi mwingi. Mwisho wa orodha: KAMA HAITAKUWA SAFI, IJUMAA ILE NIACHIE UFUNGUO MEZANI.

Haya.

Ili nisiwe mtu wa kukataa asichokijua, nimejaribu. Wimbo mmoja. Nikaiweka ile programu ya kunyoosha, ikaisukuma kila sauti hadi kwenye sauti ya kinanda iliyo karibu. Nikazima mvumo. Nikasikiliza.

Ni kama kumpigia simu mama yako ikapokelewa na yule mwanamke wa mashine – samahani, unayempigia hapatikani.

Nimefuta. Na kwenye pipa la kompyuta nimefuta. Nikaenda nje nikala mahindi ya kuchoma. Ukipenda boga, penda na ua lake! Hoteli inataka mbira isiyo mbira. Wanunue kengele.

Alhamisi, 14 Novemba

Tichaona kauliza kwa simu: unaisafisha? Nikasema naisafisha.

Si uongo. Nimeondoa mlio wa gari la taka. Nimeondoa kikohozi cha Baba Tapera mara mbili.

Jumatatu, 18 Novemba

Miksi – kupatanisha sauti zote. Siku nne kwenye kiti hiki, mgongo umekufa. Mambo niliyojifunza, niyaandike nisije nikayasahau nikifukuzwa:

Sikiliza kwa sauti ya chini. Ukisikiliza kwa kelele kila kitu kinakuwa kizuri, hata makosa. Kwa sauti ya chini kisichosikika hakisikiki, hakikudanganyi.

Punguza kabla hujaongeza. Nilitaka vyuma vyembamba visikike, nikawa navipandisha, navipandisha – makelele. Nikarudi nyuma, nikapunguza ule uzito wa kibuyu kidogo tu, pale chini panapogonga tumbo. Vyuma vikajitokeza vyenyewe.

Mvumo: usiuache utawale wala usiuzike. Nimeuweka kama unavyousikia ukikaa ubavuni kwa Mama Tapera, upande wa mume. Ndiyo kipimo changu. Nilikwenda kukaa hapo kwanza, nikasikiliza kwa masikio yangu, nikarudi mezani kabla sijasahau.

Mwangwi: hakuna. Chumba chenyewe kidogo kinatosha. Sitaki mama wa watu asikike yuko kisimani.

Masikio yakichoka, ondoka. Nimekwenda kusuka nywele Jumamosi kwa saa tatu nzima. Niliporudi nikasikia kosa ambalo nililiabudu Ijumaa.

Na sikiliza kwenye redio mbovu. Nimeipeleka kwenye redio ya muuza nyanya wa kona, ile iliyofungwa kwa raba. Muuza nyanya hajui studio wala nini. Akaacha kuhesabu nyanya. Akauliza, nani kafiwa? Maana huku kwetu mbira ni ya tambiko. Nikasema, bado hatujafiwa, mama, tunazuia.

Jumatano, 20 Novemba

Nimemaliza. Nimempa Mama Tapera nakala kwenye flashi, nikamwambia aifiche kwenye debe la unga. Nilidhani atafurahi. Akaigeuza geuza kiganjani.

"Kwa hiyo baba sasa akae kwenye unga?"

Ni akiba, wifi! Iwapo Ijumaa mambo yataharibika.

Akasema – na nayaandika kama alivyosema – baba hakupiga ili awekwe akiba. Alipiga watu wasikie. Elia akichoma mbira na mimi nikaficha hiki kidude, tofauti yetu nini? Yeye kafanya kwa moto, mimi kwa unga.

 Kisha tukagombana kidogo, kwa mara ya kwanza. Nikamwambia mimi ndiye nitakayepoteza kazi, si yeye. Akasema kweli. Akasema, basi wifi, fanya wanavyotaka, sitakununia, kula ni lazima. Na alimaanisha! Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Nani kamwomba ruhusa ya kushindwa?

Jioni Tichaona kapiga simu. Ile safi iko tayari?

Nikasema iko tayari.

Ufunguo nimeutoa kwenye mkufu wa funguo zangu. Uko peke yake mfukoni, tayari kwa kuwekwa mezani. Mwepesi kuliko nilivyodhani.

Ijumaa, 22 Novemba

Naandika hapa hapa studio, daftari gotini.  Niandike kwa mpangilio.

Saa nne kamili kaja Bwana Nyakudya. Tai, viatu vinavyong'aa, mpole. Tichaona kavaa koti la harusi yake. Mama Tapera na mumewe nao wakaingia, sikuwaita mimi, Tichaona ndiye aliyewaita wapige picha na mgeni. Mama kaja na kibuyu ndani ya shuka. Nikamnong'oneza, umeleta mpaka mbira? Akasema, niiache wapi, Elia kafika jana, yuko sebuleni kwangu anaomba chai.

Tukakaa. Tichaona kanipungia mkono: weka.

Nikaweka. Ile yenyewe. Vizibo vyote kumi na vitatu.

Sekunde tano za kwanza Tichaona hakuelewa. Kisha shingo yake ikageuka polepole. Sijawahi kutazamwa vile. Hakuweza kusema chochote mbele ya mgeni, akabaki na tabasamu limeganda usoni na mguu unacheza. Akanyoosha mkono kuelekea kifungo cha sauti. Nikaweka mkono wangu juu ya kifungo. Akaurudisha wake. Mimi nikaacha wangu pale.

Bwana Nyakudya alikuwa ameinamisha kichwa. Siwezi kusema alipenda. Siwezi kusema alichukia. Wimbo wa kwanza ukapita. Wa pili ukaanza, ule unaoyumba.

Katikati – umeme ukakatika. Chumba hiki hakina dirisha. Giza tititi. Kimya.

Nikasema moyoni, basi, Mungu mwenyewe mfanyakazi wa hoteli.

Kisha nikasikia shuka linafunguliwa. Na wimbo ukaendelea. Pale pale ulipokatikia, chuma kile kile, mvumo ule ule. Baba Tapera akaingia na manyanga, mlangoni, pale nilipomzoesha.

Sauti ya Bwana Nyakudya gizani, kwa furaha:

"Afadhali! Umeme umerudi, zimebaki taa tu."

 Wimbo ukaenda, dakika nzima, na nusu. Nikasikia Tichaona anapumua. Hatimaye Baba Tapera, bila kuacha kutikisa:

"Umeme bado, mheshimiwa. Huyu ni mke wangu."

Lau ningeinyoosha! Lau ningeisukuma kwenye sauti za kinanda, mama angepiga na ingesikika kama watu wawili wasiojuana. Lakini mtu huyu ana masikio, analipwa kwa masikio, na hakujua mashine ilipoishia na mbira ya mzee ilipoanzia. Machozi yalinitoka gizani, sikuyafuta, nani anaona?

Sasa umeme umerudi. Taa zimewaka, kila mtu anapepesa macho. Mama Tapera hajaacha kupiga. Bwana Nyakudya kavuta kiti chake kutoka upande wa spika, kakisogeza karibu na kibuyu, anatazama vizibo kimoja kimoja. Anahesabu, nadhani. Midomo inacheza. 

Tichaona kaniinamia sikioni. Kasema kwa meno: ile nyingine. Ile safi. Iweke sasa hivi kabla mtu huyu hajaondoka.

Nikamwambia ipo kwenye kompyuta, kama ipo.

Kanisukuma pembeni, kaketi kwenye kiti changu. Anafungua folda. Anafunga. Anafungua nyingine. Ameangalia mpaka kwenye pipa. Shingo imemlowa jasho, koti la harusi kalivua. Ufunguo nimeshauweka mezani, karibu na mkono wake, hajauona. Mama Tapera kaanza wimbo wa tatu.

Bado anatafuta.

Atafute.